Mboga za Bosko

Kwa miaka thelathini na moja Walubengo aliwapikia wasichana mia tisa wa shule ya bweni, na katika miaka hiyo yote hakuna sufuria aliyoiteleka jikoni isiyoanza na kitunguu. Kuni zikishika na mafuta yakitulia, alimwaga vitunguu karai zima, akasimama hapo na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, akisubiri vibadilike rangi. Harufu ilitoka kwa mlango wa jikoni, ikavuka uwanja wa gwaride, ikaingia madarasani bila kubisha hodi. Walimu walipoteza mstari waliokuwa wakisoma. Wasaidizi wake aliwaambia kila muhula mpya kwamba mboga ambayo haikukaangwa ni chakula cha ng'ombe, na anayempa binadamu chakula cha ng'ombe ana dharau moyoni.

Alipostaafu hakurudi Kimilili moja kwa moja. Mkewe alikuwa huko na wajukuu, shamba lilikuwa dogo na vijana walikuwa wameshaligawa kwa macho. Akapata kazi Kiplombe, pembeni mwa mji wa Eldoret, kwa mjane mmoja mwenye duka aliyeitwa Waiyego. Mtaa mzima ulimwita Mama Ciku kwa jina la binti yake wa pekee, aliyeolewa Nakuru. Kazi yenyewe haikuwa nzito: kumpikia mama, kupalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, kufunga lango, na kumlisha mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Bosko. Marehemu mume wa Mama Ciku, Gerishon, ndiye aliyemleta kutoka Cheptiret akiwa ndani ya katoni ya sabuni, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kwa hiyo Mama Ciku hakumwona Bosko kama mbwa tu. Jioni akirudi kutoka dukani, alikaa barazani akavua viatu, akamweleza Bosko nani alikuja na nani alinunua nini, kama vile mtu anavyomweleza mume. Na kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumpenda, alimpa ugali. Ugali wa asubuhi, ugali wa jioni, na ule uliobaki kwenye sufuria. Bosko akanenepa hadi akashindwa na ngazi tatu za baraza. Alikuwa akiweka miguu ya mbele kwenye ngazi ya kwanza, kisha anageuka na kuangalia watu, kana kwamba anauliza nani amezijenga juu hivyo.

Mama Ciku akamwita daktari wa mifugo. Alikuja msichana mwembamba aliyevaa gambuti, na alipomwona Walubengo pale mlangoni akaweka mkoba chini.

"Mzee Walu? Ni wewe kweli? Mimi ni Nekoye, nilimaliza ile shule yako. Ndengu yako ndio ilifanya nisitoroke fomu wani."

Walubengo alicheka hadi machozi yakamtoka. Siku ile alimkaribisha chai yeye mwenyewe, na chai iliponyweka Nekoye alimpima Bosko, akasema moyo wa mbwa huyu unabeba mzigo. Ugali upunguzwe nusu. Pahali pa ile nusu pawekwe mboga na matunda: karoti, malenge, mishiri (yale maharagwe machanga ya maganda), kabichi kidogo, mara moja moja kipande cha papai au tikiti lililotolewa mbegu. Zichemshwe, zipondwe, basi. Akaandika kwenye karatasi yanayofaa upande mmoja na yasiyofaa upande wa pili.

Jioni Mama Ciku alivaa miwani akamsomea Walubengo karatasi ile mezani, neno kwa neno. Walubengo alikuwa akimenya viazi. Alisikia karoti, akasikia malenge. Alisikia pia kwamba mbwa hapewi zabibu, hapewi avokado, hapewi kitunguu cha aina yoyote, kiwe kibichi au kimepikwa. Alisikia vizuri kabisa. Ila ndani yake palikuwa na kitu kimekaza. Mtu aliyelisha wasichana mia tisa, wengine sasa ni madaktari, anasomewa namna ya kumpikia mbwa. Na tena apike bila kukaanga. Akajiambia haya ni mambo ya vitabu. Mbwa wote wa Kimilili wamekula makombo yenye kitunguu na wameishi wakazeeka wakafa kwa uzee.

"Umeshika, Mzee Walu?" Mama Ciku aliuliza.

"Nimeshika, Mama."

Siku ya kwanza alichemsha karoti na malenge, akaponda, akachanganya na ugali kidogo. Bosko alinusa, akarudi kulala. Siku ya pili alilamba ukingo wa sahani, akamtazama Walubengo kwa macho ya mtu aliyeletewa deni la jirani. Siku ya tatu hata hakuinuka. Hakuna msichana yeyote, katika miaka thelathini na moja, aliyewahi kurudisha sahani ya Walubengo bila kuigusa. Na sasa sahani imelala pale uani, nzi wanaitembelea, na mwenye kuidharau ni mbwa.

Siku ya nne akachukua kitunguu. Kisha akachukua cha pili, kwa sababu kimoja hakitoi harufu ya kutosha. Akavikaanga polepole hadi vikawa rangi ya asali, akatia karoti, akatia malenge, akatia mishiri iliyokatwa fupifupi. Kabla hajaipua, Bosko alikuwa ameshapanda ngazi zote tatu na amesimama mlangoni mwa jikoni akitikisa mkia.

Alikula akalamba sahani hadi ikasogea ukutani.

Mama Ciku aliporudi aliona sahani nyeupe, akaona mbwa barazani, juu ya ngazi. Akapiga makofi kidogo, akauliza amefanyaje. Walubengo akasema ni kuchemsha tu na kuponda, lakini kuna namna ya kuponda. Neno lile lilitoka jepesi, hata hakulisikia likitoka. Kesho yake Mama Ciku aliwahadithia wateja dukani kwamba ana mpishi ambaye hata mbwa anamtii, na watu wawili watatu walipopita langoni walimsalimia Walubengo kwa jina jipya, Daktari wa Karoti. Alilipenda jina hilo. Kila siku akakaanga vitunguu viwili, na maganda akayafukia kwenye mbolea kabla Mama Ciku hajarudi. Mtu anayeamini hafanyi kosa hafukii maganda. Hilo alikuja kuliwaza baadaye.

Siku ya kumi na moja Bosko hakuamka. Alikuwa hai, lakini amelala ubavu, anapumua haraka kama aliyekimbizwa. Walubengo alipomwinua, mbwa alikojoa pale pale, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Mama Ciku alifunga duka. Nekoye akaja mbio kwa bodaboda, akafunua mdomo wa Bosko, akaonyesha ufizi: ulikuwa mweupe kama karatasi. Alidhani ni ugonjwa wa kupe. Akatoa damu, akaenda nayo mjini kuipima, na alasiri akarudi akisema si kupe.

"Damu yake inavunjika yenyewe ndani," alisema. "Kuna kitu amekula." Akamgeukia Walubengo, kwa adabu ile ya mtoto wa shule. "Mzee, wewe ndio unampikia. Anaweza kuwa amepata kitunguu mahali?"

Mama Ciku alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mbwa pajani mwake. Wote wawili wakamtazama Walubengo. Kulikuwa na nafasi ya kukiri pale, ndogo lakini iliyotosha mtu mmoja kupita. Walubengo aliiona. Akaona pia uso wa yule msichana aliyesema ndengu yake ilimzuia kutoroka.

"Mbwa na kitunguu wapi na wapi?" alisema.

Nekoye akaitikia kwa kichwa, kwa sababu aliyesema ni Mzee Walu. Akaeleza kwamba basi itabidi atibu kama anayetembea gizani. Ameona mbwa waliowekewa sumu ya panya, nao huishiwa damu, japo si kwa namna hii hasa. Akamtundikia Bosko maji, akamchoma sindano mbili.

Lakini neno sumu lilikuwa limeshatoka, na Mama Ciku alilishika kabla halijafika chini.

"Kiprotich," alisema.

Kiprotich alikuwa jirani wa upande wa chini, mwenye ng'ombe sita. Yeye na mkewe Jelagat ndio walioleta maziwa dukani kwa Mama Ciku kila asubuhi, tangu Gerishon akiwa hai. Mwezi uliopita Bosko, pamoja na unene wake, alikuwa amechimba chini ya ua akaua kuku wao watatu. Kiprotich alikuja dukani na mabawa mkononi, na mbele ya watu akasema hiyo mbwa iko siku itanyamaza. Alisema kwa hasira ya asubuhi ile. Mchana alishasahau, akaja kununua chumvi. Sasa wateja waliokuwapo waliyakumbuka maneno hayo vizuri kuliko yeye.

Mama Ciku hakugombana. Alimtumia Kiprotich ujumbe tu kwamba maziwa yake asiyalete tena dukani. Akampigia simu mzee wa nyumba kumi akataka Jumamosi yeye na Kiprotich waitwe kwenye kikao. Siku mbili hazikuisha kabla watu wengine hawajaacha kununua kwa Kiprotich, na si watu wowote, bali watu wa lugha moja na Mama Ciku. Kisha watu wa upande wa Kiprotich wakaanza kupita mbele ya duka bila kuingia. Mtaa ule uliwahi kuona neno dogo likiota meno. Watu wa umri wa Walubengo wanakumbuka ghasia za uchaguzi, naye anakumbuka moshi ulitoka upande gani na nani alilala kanisani na nani hakuamka. Ndiyo maana alipoona wanawake wawili wakipishana njiani bila salamu, alisimama akawatazama hadi wakapotea.

Hata hivyo alinyamaza. Alikuwa ameacha kitunguu siku ile ile, na Bosko akaanza kupona. Kwanza aliinua kichwa. Kisha akanywa supu ya mifupa. Mama Ciku alimshukuru Mungu na sindano za Nekoye, na Walubengo akaitikia amina, naye peke yake duniani akijua kilichomponya mbwa ni mkono wake kukaa mbali. Alijipa hesabu za mtu mwoga: mbwa akisimama, maneno yatakufa, maneno yakifa, ya nini kuyafukua? Usiku hakulala sana. Mchana alipika chakula kisicho na ladha, hata Mama Ciku akamuuliza kama anaumwa.

Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, Jelagat alikuja langoni na chupa ya maziwa. Hakuingia. Alimpa Walubengo kwa mikono miwili akasema wamesikia mgonjwa anaendelea, na Kiprotich ametuma haya kwa hiyo mbwa, ni ya yule ng'ombe aliyezaa juzi, yana nguvu. Walubengo aliyapeleka ndani. Mama Ciku aliitazama chupa bila kuigusa.

"Wamemaliza na sumu ya kwanza," alisema. "Kamwage."

"Mama, maziwa..."

"Kamwage, Mzee Walu."

Alikwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa amezeeka bila kumwaga maziwa hata mara moja. Kwao, mtoto akiyamwaga kwa bahati mbaya mama husimama kwanza, kana kwamba kuna mtu ameanguka. Akageuza chupa juu ya mistari ya sukuma, akiangalia pembeni. Maziwa yalikuwa na joto bado. Yaliingia udongoni polepole, yakaacha povu jeupe juu ya majani yaliyooza.

Ijumaa Jelagat akaja tena na chupa nyingine, na Mama Ciku akasema vile vile. Safari hii Walubengo alipomaliza kumwaga aliinua macho, na upande wa pili wa ua, kati ya matawi, alimwona Jelagat amesimama na ndoo yake. Alikuwa ameona yote. Hakukunja uso hata. Aliinama akachukua ndoo, akaenda zake kwa mwendo wa mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika, na ndoo ilikuwa tupu.

Walubengo alibaki pale na chupa mkononi. Alikuwa amezoea kufikiri aibu ni kitu unachopewa na watu, kinakupiga usoni mkiwa wengi. Sasa alikuwa peke yake kati ya sukuma wiki, hakuna aliyemsuta, na masikio yake yalikuwa yanachemka.

Alisuuza chupa, akavaa koti, akaenda dukani.

Mama Ciku alikuwa akipima sukari. Kulikuwa na wateja watatu, na Walubengo alitamani waondoke, kisha akaona kwamba akingoja waondoke atarudi nyumbani bila kusema. Wale watatu ndio walioyabeba maneno ya Kiprotich; acha wayabebe na haya. Akavua kofia.

"Mama Ciku, Kiprotich hana makosa. Ni mimi nilimpa Bosko kitunguu. Siku saba. Vitunguu viwili kila siku, nimekaanga."

Sukari iliendelea kumiminika kwenye mizani ikapita kipimo. Mmoja wa wateja alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee, kisha akaacha.

"Ulinisikia nikisoma ile karatasi?" Mama Ciku aliuliza.

Hapo palikuwa na mlango wa mwisho. Angesema hakusikia, macho ni ya uzee, masikio ni ya uzee, nani angemlaumu?

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Nilidharau." Akaona halijatosha. "Nilitaka ile sahani irudi tupu. Halafu daktari akaniuliza mbele yako, nikaona haya. Nikaacha jina la mtu mwingine liende pahali pa langu."

Mama Ciku alirudisha sukari iliyozidi ndani ya gunia, kijiko kwa kijiko, akichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Walubengo alingoja afukuzwe. Alikuwa ameshafunga nguo zake akilini: mashati mawili, suruali, redio. Kufukuzwa kungekuwa rahisi. Mtu aliyefukuzwa analipa na kuondoka.

"Mimi niliwaambia watu," Mama Ciku alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wewe ulinyamaza, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilimrukia huyo mtu kama niliyekuwa nikingojea sababu." Akawatazama wateja, nao wakatazama rafu za sabuni. "Nenda kwake, Mzee. Nitafunga hapa nikufuate. Kutangulia siwezi."

Kutoka dukani hadi kwa Kiprotich ni mwendo wa dakika tano. Walubengo aliutembea kama anayepeleka habari za msiba. Njiani alimpigia Nekoye simu, kwa sababu alijua akilala bila kumwambia, kosa moja litakuwa mawili. Nekoye alisikiliza. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma. Alisema tu kwamba angejua siku ile, kuna sindano moja asingemchoma mbwa bure, na kwamba yeye hakuuliza mara ya pili kwa kuwa aliyejibu alikuwa Mzee Walu. Kisha akasema ana ng'ombe anayezaa, akakata.

Kiprotich alikuwa zizini akikwangua samadi. Alipomwona mgeni aliegemea reki, bila kusema karibu. Walubengo alisimama nje ya fito akayasema yote tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Jelagat alitoka jikoni akasimama mlangoni, akakausha mikono kwenye kitambaa kilichokuwa tayari kimelowa.

Kiprotich alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kitunguu," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nimelala nikifikiria nani ameingia kwangu akachukua sumu ya panya. Nimeuliza watoto wangu. Nimemuuliza mkubwa mara mbili, akalia." Alikwangua kidogo, akaacha. "Mtoto wangu alilia, Mzee."

Walubengo alishika fito kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kicheko, kwa faini mbele ya mzee wa nyumba kumi. Huyo mtoto hakuwa amemfikiria hata mara moja.

Jelagat ndiye aliyesogea. "Na yale maziwa nilileta," aliuliza, "ulimwaga zote?"

"Zote, Mama. Chupa mbili."

Akaingia jikoni. Walubengo alisikia kifuniko kikifunuliwa. Jelagat akatoka na kikombe kikubwa cha bati kilichojaa hadi ukingoni, akakileta kwa mikono miwili, taratibu, tone lisidondoke, akamnyooshea juu ya fito. Walubengo alikiangalia.

"Mama, mimi sistahili..."

"Mgeni amefika," alisema Jelagat. "Sisi hatujui kufanya ingine."

Akapokea. Ilikuwa lazima anywe wakimtazama, wote wawili. Nyuma yake alisikia viatu kwenye changarawe, vikikaribia, vikasimama langoni. Alijua ni Mama Ciku, na alijua amekwama pale, mkono kwenye komeo, hajui aingie kwa neno gani. Walubengo hakugeuka. Kikombe kilikuwa bado nusu.

Kiprotich aliweka reki chini, akaangalia lango kwa muda. Kisha akamwambia mkewe, bila kuinua sauti, alete kikombe kingine.